Mwenye shanta hajafulia

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nimechoka kusikia watu wakimuona mzungu na shanta kubwa mgongoni wanasema huyo kafulia, hana hela ya hoteli. Na mimi nilikuwa hivohivo mpaka mwaka huu nilipopanda treni ya TAZARA kutoka Dar kurudi Mbeya, daraja la pili, vitanda sita wanawake tupu, mmoja binti wa Kijerumani.

Nikamuuliza, mwanangu, ndege ya Dar mpaka Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, haifiki hata masaa mawili, mbona unajitesa? Kiswahili chake cha kuokoteza lakini akanijibu mama, kwetu Hamburg kila kitu nakijua, basi linakuja saa ngapi, mwakani nitakuwa wapi, nataka niamke sehemu ambayo bila kuuliza mtu sili. Asubuhi Mlimba akanunua wali na ndizi dirishani, akaanza kumuuliza yule mama muuzaji majina ya watoto wake mmoja mmoja, treni ikaanza kuondoka mama wa watu anakimbia pembeni ya behewa na chenji mkononi huku anacheka.

Kutoka pale kwenda Makambako reli inapanda milima, mahandaki na madaraja, lile la mto Mpanga ukichungulia chini roho inaruka. Njia hii naipita tangu nasoma na siku zote nalala, maana sisi safari zetu ni msiba, harusi na Krismasi, unachotaka ni kufika tu. Siku hiyo nilisimama nae dirishani, nikamwambia baba yangu alikuwa kibarua hapa wakati Wachina wanajenga, 1970 mpaka 1975. Akaniuliza walikuwa wanalala wapi? Walikula nini? Wachina waliongea nao lugha gani? Mhariri, sikuwa na jibu hata moja. Mzee yupo hai na sijawahi kumuuliza, mpaka kaja mtoto wa watu kutoka Ulaya na begi lake ndo kaniuliza mimi.

Hicho ndo nilichoona wanakitafuta hawa watu, wala sio tembo peke yake, na wanatufuata sisi tunaowacheka.

Nimeshamwambia mzee mwezi wa 12 ajiandae, tunapanda wote hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, kilometa 1,860 kutoka Dar. Mwisho wa reli aliyoijenga hajawahi kufika.

Mama Wawili, Mbeya