Upasuaji wa awamu mbili si kumzungusha mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie upasuaji wa kupunguza uzito, hasa pale mgonjwa mzito sana anapoambiwa kuwa atafanyiwa kwa awamu mbili badala ya kumaliza siku moja. Dada yangu alipokwenda kupimwa, mizani ya hospitali iliishia kilo 150, ikabidi tumpeleke kwenye mizani ya ghala la korosho, akapanda huku amejifunika uso kwa mtandio. Ikasoma kilo 168, naye urefu wake ni sentimita 160. Daktari bingwa alipotaja awamu mbili, mimi niliyebeba jukumu la malipo nilisikia bili mbili tu, nikagomba.

Niligomba bila kujua. Upasuaji unaopunguza mfuko wa chakula na papo hapo kuunga upya utumbo mwembamba, ili mwili usifyonze chakula chote, huchukua muda mrefu na huacha maungio ambayo yanaweza kuvuja. Mtu ambaye BMI yake (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) imepita 60, kama ya dada yangu, mara nyingi huwa na ini lililojaa mafuta hadi likaziba njia ya vifaa, hukatikiwa pumzi usingizini, na damu yake huganda kwa urahisi miguuni akilazwa. Daktari Michel Gagner na wenzake huko New York, walioanza kufanya upasuaji huo kwa matundu madogo mwaka 1999, waliona kuwa wazito kupindukia ndio wanaodhurika zaidi, wakaugawa: kwanza kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kubakiza kipande chembamba mfano wa ndizi, kisha kugusa utumbo baadaye, uzito ukishashuka. Wagonjwa wengi walipungua vya kutosha wasihitaji kurudi, na leo hiyo awamu ya kwanza, ikiwa peke yake, ndiyo inayofanywa kwa wingi kuliko nyingine duniani.

Sisemi kila mtu afanyiwe kwa awamu mbili. Mwenye BMI ya 42, ambaye moyo na mapafu yake ni mazima, kumlaza mara mbili ni kumrudisha kwenye dawa ya usingizi na makovu ya ndani bila sababu ya maana, na wapo ambao awamu ya pili huwapita kwa kuwa fedha zimekwisha.

Lawama yangu kwa hospitali ile ni moja: hakuna aliyetuandikia tangu mwanzo ni kitu gani kitakachoamua awamu ya pili, kama ni kilo, miezi au hali ya kisukari, wala itagharimu kiasi gani. Hata kwamba anayeguswa utumbo hutumia vitamini na madini maisha yake yote, na kupimwa damu kila mara, tulidokezewa mlangoni tukiwa tunaondoka. Fedha ya vidonge hivyo nayo ni sehemu ya uamuzi.

Miezi 14 imepita tangu awamu ya kwanza. Dada ana kilo 121, analala chali bila kushtuka, na sokoni anakwenda kwa miguu. Kama atarudi kwa awamu ya pili bado hajaamua; mwezi ujao anakwenda kliniki na majibu yake ya damu, na safari hii daftari la maswali ameliandika mwenyewe.

Msomaji wako,
Mtwara