Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima: Ombi la Kupimiwa Mbolea Yetu

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Kwa niaba ya Klabu ya Sayansi, tunakukaribisha shuleni kwetu hapa Kangemi. Tuliposikia kwamba unafanya kazi katika maabara ya kemia, tulifurahi mno, kwani tuna ombi ambalo limetukaa moyoni tangu muhula uliopita.

Mgeni wetu mheshimiwa, nyuma ya madarasa tuna shamba dogo la sukuma wiki, na mboga zake ndizo tunazokula na ugali saa ya mchana. Tulilinunulia mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50, ulioandikwa 18:46:0, yaani asilimia 18 nitrojeni, asilimia 46 fosforasi ikihesabiwa kama fosforasi pentoksaidi, na potasiamu sifuri. Mmoja wetu alijumlisha tarakimu hizo, akauliza: asilimia 36 iliyobaki ni nini? Mwalimu wetu wa kemia alitueleza kwamba sehemu kubwa ni hidrojeni, oksijeni na unyevu, lakini humo pia hubaki vitu vilivyotoka katika mwamba wa fosfeti unaotumika kutengeneza mbolea hii. Kimoja ni kadimiamu, metali yenye sumu.

Tulisoma zaidi tukashtuka. Kadimiamu ikishaingia mwilini hukaa kwenye figo, na huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu tu. Kule Japani, katika bonde la Mto Jinzu, maji yenye kadimiamu kutoka mgodini yaliingia kwenye mashamba ya mpunga, na wakazi wakaugua mifupa kwa maumivu makali. Hatusemi mbolea imefikia hapo. Lakini mboga za majani huifyonza kadimiamu upesi, hasa udongo ukiwa na asidi, na DAP yenyewe huongeza asidi hiyo.

Kiasi cha kadimiamu kwenye mbolea hutegemea mwamba ulikochimbwa. Miamba iliyotokana na magma, yaani uji moto wa chini ya ardhi, kama ya Phalaborwa nchini Afrika Kusini, huwa na kadimiamu kidogo. Ile ya mashapo ya baharini mara nyingi huwa nayo nyingi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo tangu Julai 2022: miligramu 60 kwa kila kilo ya fosforasi pentoksaidi. Tulipiga hesabu. Mfuko wetu una kilo 23 za fosforasi pentoksaidi, kwa hiyo kwa kikomo hicho ungeweza kubeba takriban gramu 1.4 za kadimiamu. Je, wetu una ngapi? Karatasi ya mfuko haisemi.

Tulianza na tuliloliweza, yaani kuchukua sampuli. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba kipimo kinaweza kuharibika kabla ya kufika maabara. Mfuko ukitikiswa, chembe ndogo hushuka chini na kubwa hubaki juu, hivyo kuchota kiganja kimoja juu ni kujidanganya. Tulichota juu, katikati na chini, tukachanganya, tukagawa lundo katika sehemu nne, tukabakiza robo mbili zinazotazamana, tukarudia mpaka tukabaki na nusu kilo.

Kutoka hapo hatuna uwezo. Mbolea inapaswa kusagwa na kuyeyushwa kwa tindikali kali zilizopashwa moto, kisha kusomwa kwa mashine inayopima mwanga ambao kadimiamu huufyonza, wa nanomita 228.8. Maabara yetu ina vichomeo vya gesi na mizani moja.

Kwa hivyo, mgeni wetu, tunaomba mambo mawili. Kwanza, utupimie sampuli hii, pamoja na chupa tupu iliyopitishwa hatua zote na sampuli nyingine ambayo kiasi chake kinajulikana, ili tuamini jibu. Pili, wanachama wachache waruhusiwe kusimama kando na kutazama. Wazazi wengi hapa hutuma pesa za mbolea nyumbani Vihiga na Kakamega, nao wanalingoja jibu hilo.

Sampuli imefungwa kwenye chupa ya plastiki, imeandikwa tarehe na nambari 1. Katibu wetu atakukabidhi sasa.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Sayansi.