Viza za kujitolea mashambani

Habari za jioni wapendwa,

Kabla mtu yeyote hajalipia tiketi: viza ya utalii ya Uingereza au Marekani hairuhusu kazi ya shambani, hata kama malipo ni chakula na kitanda tu. Nchi hizo huhesabu hivyo kuwa ujira. Uingereza humruhusu mgeni kujitolea siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa; shamba la mtu binafsi halimo. Nazo siku 90 za viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) ni za kutembea, si za kupalilia vitunguu.

Ukiulizwa uwanja wa ndege, sema kweli. Hizi mbinu za "sema unamtembelea shangazi" zikome humu, tafadhali.

Wenye barua kutoka kwa wenyeji wa mashamba huko, tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, bustani ya Jeevanjee, Nairobi, tuzisome kabla hamjajaza fomu.