Fidla ya Menuhin na zeze letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke Yehudi Menuhin, mpiga fidla aliyezaliwa New York mwaka 1916, ambaye akiwa na miaka 11 tu alipiga utunzi wa Beethoven pamoja na okestra katika ukumbi wa Carnegie Hall. Linalonigusa zaidi ni safari yake ya mwaka 1945, alipokwenda na Benjamin Britten, mtunzi wa muziki Mwingereza, kuwapigia muziki manusura wa Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani. Mwaka 1963 alianzisha shule ya watoto wenye vipaji nchini Uingereza.

Hapa Chamwino, mjukuu wangu huegemeza kibuyu cha zeze tumboni, akavuta uta taratibu hadi jirani wananyamaza. Naziomba shule zetu zimtengee mtoto kama huyu japo saa moja ya zeze kwa wiki.

Msomaji wako,
Chamwino, Dodoma