Kwa Walimu wa Lubumbashi: Hasira ya Kijana Haina Kabila

Ndugu walimu wetu,

Nawasalimu kwa heshima, mimi mzee wa Katuba, mtaa wa mji wetu huu wa Lubumbashi, ambaye huitwa mara kwa mara kusuluhisha ugomvi wa wanafunzi. Naona mmezoea kuadhibu kelele, mkidhani mmeadhibu hasira.

Hivi karibuni wavulana wawili waligombania goli. Mmoja, ambaye kwao huzungumzwa Kiluba cha Kasai, alipaza sauti, akapiga makofi, akawaita waliokuwepo wote wamshuhudie, na muda si mrefu akawa amekwisha kusahau. Wa pili, aliyelelewa na bibi asiyeruhusu mtoto kujibizana, alinyamaza akainamisha kichwa. Kesho yake madaftari ya mwenzake yalikutwa yamechanwa. Aliyefukuzwa siku tatu ni mwenye sauti.

Msinielewe kwamba kila Mluba hupiga kelele, maana nawajua Waluba wapole na Wabemba ambao sauti zao husikika hadi barabara ya pili. Kijana huiga namna wakubwa wa nyumba yake wanavyokasirika. Hata kutazama chini mnakokuita dharau, katika nyumba nyingi ndiyo adabu yenyewe, na binti anayepigiwa kelele "nitazame!" anaamriwa kumkosea mkubwa heshima.

Kinachonitia hofu ni ile kauli ya chumba cha walimu: "Watu wa kule ndivyo walivyo." Mji huu umekusanya watu wa kila upande tangu Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya enzi za ukoloni, ilipokwenda kutafuta wafanyakazi Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Mwaka 1992 na 1993 wanasiasa waliichukua hasira ya vijana wasio na kazi wakaipa adui mwenye kabila, na familia nyingi zenye asili ya Kasai zikafukuzwa, hasa katika miji jirani ya Likasi na Kolwezi, zikawa zinalala stesheni zikingoja gari moshi. Baadhi ya vijana wale leo ni wazazi wa wanafunzi wenu, wa pande zote mbili, na mengine huzungumzwa mezani watoto wakisikia.

Kwa hiyo, kijana akifoka, mwacheni amalize, hata kwa lugha ya kwao, kisha mwulizeni aliambiwa nini kabla ya kufoka. Aliyenyamaza mwiteni peke yake siku hiyo hiyo, bila kumlazimisha awatazame. Na katika daftari la nidhamu andikeni kilichotendeka na chanzo chake. Kabila la mtoto lisiandikwe.

Mzee wenu, Katuba