Ngozi ya khalati yako

Mwanangu kipenzi,

Salaam nyingi kutoka Mji wa Kale. Sote wazima, ila joto la kaskazi halitulazi.

Umeniuliza vipi khalati yako, mweusi ti na dadangu mkubwa, hana hata kunyanzi, na mimi mweupe macho yamejaa mistari. Kwanza ni rangi. Chembe za melanini, ile rangi ya ngozi, katika ngozi nyeusi ni kubwa na zimetawanyika, basi huzuia miale ya jua isiifikie kolajeni, inayoikaza ngozi. Walipopima miaka ya 1970, kinga ya asili ya ngozi nyeusi, kwa kipimo cha SPF kinachoandikwa kwenye mafuta ya jua, ilikuwa kama 13, nyeupe kama 3. Lakini usijidanganye na hiyo 13: mafuta ya kujikinga na jua, madaktari wanataka yasipungue 30.

Weusi makunyanzi huwachelewa. Kinachowawahi ni madoa. Minya chunusi moja tu uone, doa litakaa miezi. Ndipo wasichana wanapokimbilia mkorogo, na hapo mimi sina upole. Zebaki inayotiwa humo huharibu figo. Krimu za steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikipakwa miaka, mashavu huweza kugeuka rangi ya kijivu, na haitoki kirahisi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, umeweka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki, lakini vichochoroni havikosekani. Ukienda Marikiti tazama mikono ya wanaojichubua: uso umekuwa mwekundu, vifundo vya vidole vyeusi vile vile. Mtu anajivua kinga aliyopewa bure, tena kwa pesa zake!

La pili ni maisha. Kakako ni mweusi kama khalati, lakini muguka, yale majani ya kutafuna, na sigara barazani mpaka alfajiri vimemfanya vijana wamwamkie shikamoo. Sigara hubana mishipa ya damu na kuikatakata kolajeni. Khalati hajavuta maishani, akishaswali isha analala, na buibui limemkinga jua kuliko krimu yoyote (mwenyewe hajui).

Liwa jipake ukipenda, inapoza na inanukia. Ukija Idi nunua mafuta ya jua yale yenye rangi, yenye oksidi ya chuma, maana hata mwanga wa kawaida huchochea madoa kwa weusi. Yale meupe yatakufanya kama umepakwa chokaa. Lile doa la shavuni tutalipeleka kwa daktari wa ngozi. Na kama umeshaanza kupaka kitu, njoo na kichupa chake, sitakugombeza.

Mamako