Barua kwa Mama, na jibu kwa Maryamu ndani yake

London, Januari

Mama yangu mpenzi, assalaam aleikum, na shikamoo.

Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ila baridi inanikata vidole. Ile skuli ninayofagia, saa kumi na moja alfajiri niko uani natupa chumvi njiani ili barafu iyeyuke, watoto wasiteleze. Chumvi, mama! Kwetu Wete tunaipima kwa kikombe, huku inamwagwa chini kwa koleo. Siku ya kwanza niliona kama nafanya israfu.

Chumvi hiyo ndiyo iliyonikumbusha swali la Maryamu. Maryamu, soma polepole, na mama asiondoke, maana nitamtaja. Umeuliza elementi za safu moja, yaani mstari wa kushoto kwenda kulia, kwenye jedwali la elementi zinafanana nini, mbona wewe huoni undugu. Huuoni kwa sababu undugu wa tabia uko juu kwenda chini: lithiamu, sodiamu, potasiamu, zote zikiguswa na maji hufanya fujo. Zilizopangwa kushoto kwenda kulia zinashirikiana jambo jengine: idadi ya mizingo, yaani mizunguko, ambamo elektroni, zile chembe ndogo za atomu, hukaa kuzunguka kiini.

Mtazame mama anavyoshona kawa. Anaanza kitovu, anazungusha ukili mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Safu ya tatu ni makawa manane yaliyofika mzunguko wa tatu. Wa kwanza una elektroni 2, wa pili 8, hapo yote sawa. Tofauti iko kwenye wa tatu. Sodiamu, namba 11 kwenye jedwali, ndiyo kwanza imeweka elektroni 1. Magnesiamu 2, alumini 3, hivyo hivyo hadi klorini yenye 7 na agoni, namba 18, yenye 8. Potasiamu, namba 19, inaanza mzunguko wa nne, ndiyo maana imeshushwa mstari. Na ajabu ni kwamba Mendeleev, mwanakemia wa Urusi, alipolipanga jedwali lake mwaka 1869, elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa; alikwenda kwa uzito na tabia tu.

Mimi nilikwama hapa nilipokuwa skuli, nikakariri kama kasida. Ungedhani agoni ni kubwa kuliko sodiamu kwa kuwa ina elektroni nyingi. Sivyo, ni ndogo. Kiini cha sodiamu kina protoni, yaani chembe zinazovuta elektroni, 11, cha agoni 18, na mzunguko unaovutwa ni ule ule wa tatu. Ni kama mama avute uzi kwa nguvu zaidi kila anapoanza kawa mpya: mizunguko mitatu vile vile, lakini kawa inabana.

Kwa hiyo sodiamu, ambayo haikushika sana, huiachia elektroni yake upesi. Ni metali laini inayokatika kwa kisu, na huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa isipate unyevu. Klorini ni gesi ya kijanimanjano inayokaba koo, nayo inatafuta elektroni 1 tu itimize 8. Zikikutana, moja inatoa, nyengine inapokea, na hiyo ndiyo chumvi ninayomwaga asubuhi. Watu wa safu moja, tabia mbalimbali kabisa!

Zilizobaki karibu zote unazo hapo nyumbani: sufuria ya alumini, silikoni kwenye kioo cha kandili, fosforasi ubavuni mwa kibiriti. Na salfa ndiyo hasa wazee waliyoiita kibiriti, kabla jina halijahamia kwenye njiti.

Kwenye mtihani usiandike "zinafanana tabia". Andika idadi ya mizingo, kisha eleza kwa nini atomu zinapungua ukubwa ukienda kulia.

Mama, pesa za dawa nimempa mjomba, atakuletea Ijumaa. Na ile kawa ya rangi uliyoniahidi, mpe yeyote anayekuja huku. Sahani yangu naifunika kwa karatasi.

Mwanao,
Salim